Neno Nililoliandika Mara Tatu

Kila hotuba ninayomwandikia meya, naisoma kwanza mbele ya mama. Yeye ni fundi cherehani, chumba chake kiko bondeni, mlango wa pili kutoka bombani. Mimi nasoma, yeye anashona. Cherehani ikiendelea, hotuba imepita. Ikisimama, nafuta. Meya hajui kwamba mshauri wake mkuu ana pini mdomoni.

Mara moja tu sikumsomea. Meya alitaka maneno makali, bonde liipishe barabara mpya. Nikaandika "wavamizi", mara tatu. Watu walipiga makofi mpaka nikavimba kichwa. Nilikuwa nawafikiria wale wa vibanda vya ng'ambo ya mtaro. Mama wala hakunijia akilini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Siku nne baadaye nilimkuta amekaa, cherehani imefunikwa.

"Vipi, mama, unaumwa?"

"Siumwi. Sina nguo ya kushona."

Wateja wa mtaa wa juu walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla hajavikata. Hata mwalimu, ambaye mama alimshonea tangu sare ya darasa la kwanza hadi gauni la harusi, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Kaniambia, nyinyi wavamizi mtaondolewa wakati wowote. Zamani alikuwa ananiita mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, lile neno..."

"Najua ni lako. Tangu mdogo, ukitaka kitu unakisema mara tatu." Akanisogezea kiti. "Umekula?"

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Kesho yake nilimwekea meya hotuba mpya mezani. Akaipekua yote.

"Wavamizi wako wapi? Watu walilipenda sana lile neno."

"Mzee, mvamizi mmoja ndiye aliyenizaa. Mikono ya koti ulilovaa kaipunguza yeye."

Akaitazama mikono ya koti lake. Nilishaanza kuiaga kazi kimoyomoyo.

"Tuwaiteje basi?" akauliza.

"Wazazi wetu wa bondeni."

Meya alilisema jina hilo redioni, kwa ile sauti yake nzito, kana kwamba amelibuni mwenyewe. Barabara haikufutwa, bado inakuja.

Jumamosi mwalimu alirudi, kitambaa kwapani, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Neno langu lilimfukuza, neno langu likamrudisha, na katikati yake mama yangu alikaa siku kadhaa bila kazi.

Mama alivua futi ya kupimia shingoni.

"Marahaba. Inua mikono, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

Mwalimu alipoondoka, mama alitia uzi kwenye sindano, akanigeukia.

"Na wewe, toa hiyo karatasi ya wiki ijayo."

Nikasoma polepole, sikio langu lote likiwa kwenye cherehani.