Mtoto wa Kuazima

Hivi wewe, umewahi kumwona mtoto wa wiki tatu akimng'ata mgeni kidole? Basi kaa vizuri, maana msusi mmoja alikuwa naye, tena hata hakuwa wake.

Wake alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amelazwa ndani ya beseni lililotandikwa shuka. Alizaliwa na mdomo uliopasuka, ufa umepanda hadi puani. Nesi alieleza taratibu: akikua kidogo atashonwa, kwa sasa anyweshwe akiwa wima, kidogo kidogo, na maziwa yakitokea puani mtu asishtuke. Msusi alielewa yote. Lakini tangu arudi nyumbani hakushika kitana wala hakufungua mlango wa mbele, na kila mgeni aliambiwa mtoto kalala. Majirani wakaanza kunong'ona, "Mtoto gani huyu, analala kama mlinzi wa zamu?"

Sasa shangazi wa mumewe kapiga simu, yuko njiani. Na shangazi huyu haambiwi mtoto kalala. Huamsha hata watu wazima. Msusi akachomoka mlango wa nyuma mpaka kwa jirani yake, muuza mkaa.

"Shoga, niazime Bonge."

"Bonge wangu? Wa nini?"

"Wa kuonyesha. Shangazi akishamwona, namrudisha."

"Ana miezi minane huyu!"

"Shangazi macho yake mabovu."

"Hata kipofu akimpakata atajua. Huyu si mtoto, ni gunia."

Hata hivyo akamtoa. Aliona macho ya mwenzake yalivyovimba, akakosa moyo wa kubisha.

Mume, fundi baiskeli, akaingia na mizigo ya shangazi begani, shangazi mwenyewe nyuma yake. Akamkuta mkewe kampakata mtoto wa watu, kofia ya mwanawe imemkaa Bonge utosini kama kizibo cha chupa. Akaanza kukagua dari utadhani ndiyo kwanza anaiona.

"Haya, nipe mjukuu wangu!" Shangazi akampokea, kiuno kikalia kwaa! "Lo! Wiki tatu? Mnamnywesha saruji?"

"Anapenda kula, shangazi."

"Hebu achama nikuone, baba." Akatia kidole. Bonge hakufanya ajizi.

"Yalaaa! Ana meno!"

"Yamewahi," msusi akasema.

"Yamewahi wapi? Na ndevu ziko njiani!"

Hapo kilio kikatoka chumbani, chembamba, cha puani.

"Nani huyo?"

"Paka," akasema msusi.

"Redio," akasema fundi, papo hapo.

Shangazi akawatazama mmoja mmoja. "Basi paka wenu yumo redioni na ana njaa. Mleteni."

Msusi akaenda nyuma ya pazia. Akarudi na mwanawe, uso kaufunika kwa shuka. Shangazi akaifunua mwenyewe. Msusi akainamisha kichwa, akingoja: ooh, maskini, au, kwenu wapo wa namna hii?

Shangazi akamtazama mtoto. Akatazama kidole chake kilivyovimba.

"Huyu angalau hang'ati."

Msusi akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na fundi naye, hata Bonge akapiga makofi. Kisha kicheko kile kikageuka kilio, kikakataa kukatika.

"Usilie, mwanangu," shangazi akasema. "Siku hizi wanashona, hutaona hata alama. Atakuwa mzuri huyu—"

"Najua atashonwa, shangazi!" Sauti ilimtoka kubwa, yeye mwenyewe ikamshtua. "Kila mtu ananipa habari za mdomo wake. Mimi haniulizi mtu. Nikimnywesha naogopa atapaliwa anifie mkononi. Nikimtazama sisikii chochote moyoni, najiuliza mimi mama gani. Asubuhi natamani kusiwe kumekucha. Sitaki kubembelezwa. Nataka mtu akae na mimi humu ndani, na kesho anishike mkono anipeleke kwa yule nesi, nikamwambie safari hii mgonjwa ni mimi."