Mzee Kalume na Nyuki za Bibiche

Mzee Kalume alipotoka asubuhi na baiskeli yake bila kuaga, mkewe Victorine hakushtuka. Akili ya mzee siku hizi ilikuwa inatembea peke yake, lakini miguu ilijua bado njia ya kurudi mtaani kwao Kasuku. Ilipofika alasiri hajaonekana, na mawingu yametanda upande wa Pangi, ndipo moyo ulipomwenda mbio. Mumewe ana pumu. Kulala na mvua msituni kungemmaliza.

Akamkimbilia Bibiche, binti wa jirani. Bibiche na wenzake walikuwa na kundi la droni, vindege vya plastiki vya bei rahisi, kila kimoja upana wa sahani, walivyovirusha kwa pamoja kuchunga msitu dhidi ya wakata miti wa wizi. Watu wa mtaa walivicheka, wakaviita nyuki za Bibiche. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Mama, usilie. Tutamuona tu," Bibiche akasema.

Wakaenda kwa pikipiki mpaka kijiji ambako watu walikuwa wamemwona mzee akipita. Droni zikapanda zote, zikatawanyika juu ya miti zikivuma. Haikupita muda, kwenye simu ya Bibiche ikaonekana baiskeli imelala kando ya shamba la zamani la kahawa. Lakini mtu hayupo. Zikashuka, zikazunguka, zikarudi. Hakuna mtu.

Victorine akausikiliza ule mvumo, akakumbuka. Jamani, mbona hakuliwaza mapema! Wakati wa vita, ndege zilipovuma, walijilaza chini ya majani katika msitu huohuo, hata kukohoa marufuku. Hakuna aliyethubutu kutoka mpaka asikie wanawake wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Kinu kikilia, ndege imekwenda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nao walikuwa wamemrushia mzee wa watu kundi zima!

"Zishushe zote, mutoto wangu," akasema. "Anaziogopa. Iko chini ya majani, anajificha ndege."

Bibiche hakubisha. Akazishusha, wakaazima kinu na mchi kijijini, wakavibeba kwa pikipiki hadi penye baiskeli. Victorine akachuma majani ya muhogo kando ya njia, akaanza kutwanga. Mabega yalimuuma, matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka, akatwanga tu, huku analia.

Majani yakatikisika chini ya mikahawa. Mzee Kalume akatoka akitambaa, kifua kinakoroma, shati limelowa jasho. Koti hakulivaa. Alikuwa amelikunja na kulikumbatia kifuani.

"Mama Fifi," akanong'ona, "ndege imeenda?"

"Imeenda, Baba Fifi. Tuende ku nyumba."

"Mutoto hakulia hata kidogo. Nimemufunika muzuri." Akamnyoshea lile koti. "Mupokee. Iko na usingizi."

Fifi alikufa kwa homa msituni humo, mwaka ule wa vita, hajatimiza hata miaka miwili, baba yake akiwa amekwenda kumtafutia dawa. Victorine hakumsahihisha mumewe. Alimpenda mno dakika ile. Akaliweka koti mgongoni, akalifunga vizuri kwa kikwembe chake, akalipigapiga taratibu. Kisha akamshika Kalume mkono, wakaenda polepole, mtoto asije akaamka.