Oili Chini ya Miche

Leonida hakuwa mtu wa kuona kinyaa upesi. Alikuwa amezalisha ng'ombe, ameosha maiti, na kila masika alichanganya samadi mbichi ya kitalu kwa mikono yake. Kwa hiyo siku alipong'oa mche wa mringaringa uliokauka, akaunusa mzizi, kisha akageuka kando na kutapika, wanawake wenzake waliacha majembe wakamkimbilia.

"Mama Patrisi, umekula nini?" Cresensia alimuuliza.

"Nusa mwenyewe."

Mzizi ulikuwa mweusi, unateleza kama konokono.

Pale palikuwa shimo la moramu, kifusi cha kujengea barabara. Kampuni iliyotengeneza barabara ya kupandia Ngorongoro ililichimba juu ya Rhotia, ukingoni mwa msitu, mpaka kilima kikaisha. Kazi ilipokaribia kwisha, ilikubaliana na kijiji kwamba shimo lifukiwe na miti ya asili irudishwe, ili pongo na ndege waliohama wapate tena pa kujificha. Leonida na wenzake ndio waliopanda. Waliokota mbegu msituni, wakabeba mashina ya nyasi kwa vikapu migongoni. Mvua ziliipokea miche vizuri, ila katikati ya uwanja kila walichopanda kiligeuka manjano, kikafa.

Sasa walichimba. Udongo mzuri ulikuwa kina cha kiganja tu. Chini yake yalitokea matambara yaliyolowa oili chafu, betri zilizopasuka, na matumbo ya wanyama kutoka jikoni mwa kambi, yamevimba, yanachemka funza.

"Kumbe tunapanda bustani juu ya choo chao," Cresensia alisema.

Leonida alikwenda moja kwa moja kambini kwa Wilibrodi, msimamizi, jirani yake waliyesali naye kanisa moja. Alimkuta anakula nyama.

"Baba Evarista, mmefukia nini kule?"

"Takataka za kawaida, mama. Ulitaka nizibebe kichwani hadi Arusha?" Alilamba mafuta vidoleni. "Pandeni mikaratusi. Ile haichagui ardhi."

"Pongo atakula mkaratusi?"

"Pongo hapigi kura. Alhamisi anakuja mgeni rasmi kupokea eneo. Yeye anataka kuona kijani, basi."

Leonida aliitazama midomo ile inayong'aa mafuta, akahisi kama amepitiwa mwilini na kitu chenye utelezi. Aliondoka bila kuaga.

Alhamisi kijani kilikuwepo. Ule upara wa katikati ulijaa miti iliyonyooka. Leonida aliposogea aliona alama za panga. Yalikuwa matawi, yamekatwa kwenye msitu uleule waliotaka kuurudisha, yakachomekwa ardhini alfajiri.

Wilibrodi, shati jeupe limepigwa pasi, alimkabidhi ndoo ya maji. "Mama huyu ndiye aliyepanda," alimwambia mgeni. "Atamwagilia mmoja kwa niaba ya wenzake."

Leonida aliiweka ndoo chini. Alilivuta tawi kwa vidole viwili, likatoka. Akalilaza mbele ya viatu vya mgeni, akachukua jembe la Cresensia, akachimba. Harufu ikapanda.

Mgeni alifunika pua kwa leso. Alitazama lile shimo, akamtazama Wilibrodi, kisha akatazama saa yake.

"Tuendelee na ratiba," alisema.

Watu wakapiga makofi. Makofi hayo yalimchefua Leonida kuliko funza. Hata majirani ambao mbuzi wao walikunywa kwenye kijito cha pale chini walijipanga na sahani kungoja nyama choma.

Kampuni ilihama. Kiangazi kizima Leonida na wanawake wachache, vitambaa puani, waliuzoa ule uchafu na kuufukia penye mawe, mbali na kijito. Cresensia alibanduka ngozi ya viganja. Siku moja Wilibrodi alipita njiani.

"Poleni na kazi, Mama Patrisi," alisema, akanyoosha mkono.

Leonida aliutazama, akainama, akajitwika kikapu.

Miaka ilipopita miringaringa ilizidi kimo cha mtu, na asubuhi moja walikuta mavi mabichi ya pongo kwenye nyasi. Cresensia alipiga kigelegele. Leonida alitabasamu, lakini si sana. Katikati bado palikuwa peusi, hapaoti hata magugu, na kila mvua iliponyesha utando wa oili wa rangirangi ulitoka pale ukateremka taratibu kijitoni. Alitema mate, akaenda kuchimba mfereji wa kuuzuia.