Nusu Bakuli

Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, baba yangu aliacha kupumua ndani ya Noah ya kukodi, tukiwa tunapita Makere. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mikono yangu. Kwenye viti vya mbele, Mjomba Tharsisi na dereva walikuwa wakibishana juu ya lori lililotuzibia njia. Sikusema kitu. Dakika ishirini zilizofuata nazijua mimi peke yangu, ndiyo maana naziandika.

Sisi ni Wabahai. Kwa sheria yetu maiti haisafirishwi zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka pale mtu alipofia. Baba alilijua hilo vizuri, na miaka sita iliyopita, tulipomzika mama, aliniambia, "Firdausi, mnilaze hapa pembeni ya Epifania, kama saa itaruhusu." Kwetu ni bondeni, mbele kidogo ya mji wa Kibondo. Lakini kiharusi kilimpeleka hospitali Kasulu, na kutoka Kasulu hadi kwetu ni karibu saa mbili. Jumatano ile daktari alituambia kwa upole kwamba hakuna tena cha kufanya, tunaweza kubaki au kwenda naye nyumbani.

Mjomba ni kaka yake mama, Mkatoliki, na ana akili ya haraka. Alinivuta ukutani.

"Sheria yenu inazuia maiti. Mgonjwa haimzuii, au siyo?"

"Haimzuii."

"Basi tuondoke sasa hivi. Akivuka daraja la Malagarasi yu hai, tumeshamfikisha kwa dada yangu. Kutoka darajani mpaka nyumbani haifiki saa."

Nilikubali. Kabla hatujawasha gari alishapiga simu kijijini vijana wachimbe kaburi. Hapo niliogopa, kwa sababu kwa Waha kaburi likishachimbwa haliachwi tupu.

Lazima nieleze kidogo habari za Baba, la sivyo mambo ya darajani hayataeleweka.

Jina lake ni Ardeshir, ila watu wa kwetu walimwita Mzee Adeshi. Alizaliwa kijiji cha jangwani huko Iran, upande wa Yazd. Maji ya kijiji yalitoka milimani kwa handaki refu lililochimbwa chini ya ardhi na watu wa zamani, na yakifika mashambani yaligawanywa kwa muda. Bakuli jembamba la shaba, lenye tundu dogo chini, huwekwa lielee ndani ya beseni. Likijaa likazama, bakuli moja limekwisha. Watu walirithi mabakuli, waliyauza, waliyatoa mahari. Mwenye mali alikuwa na siku nzima ya maji, maskini alikuwa na mabakuli mawili kwa juma. Aliyeketi kwenye beseni na kuhesabu alikuwa babu yangu, akiwahesabia Waislamu na Wabahai sawasawa, kama baba yake alivyofanya.

Baba alikuja Tanzania mwaka 1975, kijana fundi wa visima. Mapinduzi ya kwao yalimkuta Kibondo, mume wa mama yangu. Habari zilikuja kwa barua. Barua ya kwanza ilisema babu ameondolewa kwenye beseni, kwamba mtu wa dini ile hafai kugawa maji. Ya pili ilisema zamu zote za Wabahai zimechukuliwa, na anayetaka kurudishiwa maji yake aandike karatasi kwamba ameacha dini. Babu alitakiwa kutia sahihi moja tu. Hakutia. Mikomamanga yake ilikauka, ndugu wakatawanyika mijini kutafuta vibarua. Barua ya mwisho ilisema makaburi yao yamesawazishwa kwa tingatinga. Bakuli lenyewe lilifika baadaye, limefungwa ndani ya soksi, mikononi mwa msafiri.

Bondeni kwetu kila kiangazi wakulima wa nyanya na kabichi walitishana kwa majembe kwenye mfereji. Baba alipotoa bakuli lake walicheka. "Mzee Adeshi anatupimia mto kwa kikombe cha uji!" Msimu wa pili walikuwa wakimgongea mlango asubuhi waanze zamu. Makere nako alikifundisha kikundi cha Mama Ndayikeza, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kiangazi kimoja kikali Mjomba Tharsisi alimwomba Baba nusu bakuli la ziada. Baba alikataa. Kabichi za mjomba zikafa, na kwa mwaka mzima hawakusalimiana, mama akipeleka salamu huku na huku.

Sasa nirudi ndani ya gari.

"Anaendeleaje?" mjomba aliuliza, akinitazama kwenye kioo.

"Twendeni," nikasema. Halikuwa jibu.

"Usijali dada, lami tupu hii," dereva, kijana aitwaye Godson, akasema. "Chuma inatembea."

Nilifikiria kaburi lililo wazi pembeni ya mama. Nilifikiria kwamba Baba asingeniuliza tena kitu chochote. Mjomba bado alikuwa anatazama kioo, kwa hiyo nilichukua pamba, nikailowesha maji, nikampitishia Baba midomoni kama nilivyofanya hospitali siku zote tatu. Maji yalitelemka shavuni. Niliyafuta kwa kiganja, mjomba akaridhika, akageukia barabara. Katika yote ya siku ile, hilo la pamba ndilo linaloniuma.

Saa tano na dakika kumi tulifika darajani.

"Simama hapo ng'ambo, Godson. Simama tumshukuru Mungu." Mjomba aligeuka na mwili mzima, uso umekunjuka. Alitoa karatasi ya hospitali mfukoni, akanipa upande usioandikwa kitu, na kalamu. "Wazee wenu wa dini watauliza. Andika: saa tano na dakika kumi, tumevuka Malagarasi, mgonjwa yupo. Tia sahihi, tuendelee."

Niliiweka karatasi gotini. Kisha nikaandika: saa tano kasoro dakika kumi, Makere. Nikatia sahihi, nikampa.

Alisoma. Alimtazama Baba, akanyoosha mkono akamgusa paji la uso, akaurudisha.

"Tangu Makere?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na ile pamba?"

Niliitazama pamba iliyokuwa bado mapajani mwangu.

"Firdausi. Nani anajua? Mimi, wewe na huyu dereva."

"Mzee, mimi naangalia barabara tu," Godson alisema upesi. "Sijaona kitu."

"Umesikia? Hajaona kitu. Chana hiyo karatasi, mwanangu."

"Makere mpaka nyumbani ni saa moja na robo."

"Robo! Kwa robo saa umlaze shemeji yangu ugenini, dada yangu alale peke yake na shimo pembeni yake?" Sauti yake ilipanda hadi watu wawili wenye baiskeli wakasimama. "Yule alininyima nusu bakuli. Leo wewe unaninyima robo saa. Ukoo gani huu?"

"Nusu bakuli ile haikuwa ya Baba, Mjomba. Ilikuwa ya Asnath."

Asnath alikuwa mjane, shamba lake linafuatia la mjomba kwa zamu ya maji. Wote wawili tulijua.

Alifungua mlango akatoka. Alisimama kwenye ukingo wa daraja, kofia mkononi. Mto wa Agosti ulikuwa mdogo, mawe yakionekana. Nilihesabu moyoni kama Baba alivyonifundisha, na kwa hesabu yangu bakuli lingezama mara moja kabla hajarudi. Alipokaa kitini hakunitazama.

"Geuza gari," akamwambia Godson.

"Na kaburi la kule, Mjomba?"

"Hilo niachie."

Tuliporudi Makere, Mama Ndayikeza alikuwa shambani akipanga nyanya kwenye matenga. Nilimweleza pale pale, gari likiwa linaunguruma nyuma yangu. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Yoo, Imana yanje, Mungu wangu. Mzee Adeshi?" Alikaa chini kidogo, akainuka. "Mwihangane, poleni sana. Baba yangu alirudi akafia Burundi, hata mti wa kuonyesha alipo hakuna. Huyu wenu njooni mchague, popote isipokuwa kwenye njia ya maji."

Tulichagua juu ya mfereji wake, penye udongo mkavu. Shuka jeupe la pamba tulilinunua dukani hapo hapo. Pete ya maziko inayotakiwa na dini yetu Baba alikuwa nayo tayari kidoleni, aliivaa tangu mama afe. Alasiri nilisoma sala ya maiti, wengine wamesimama kimya, na mjomba alisimama nao, kofia kifuani. Udongo ulipokwisha kusawazishwa mjomba hakula. Alipanda gari la kwanza kwenda Kibondo.

Ya nyumbani nilisimuliwa baadaye. Alifika jioni, akakata mgomba shambani mwake, akauvisha koti la Baba lililokuwa limetundikwa mlangoni, akauzika kwenye lile shimo pembeni ya mama. Majirani walipouliza Mzee yuko wapi, alisema yuko Makere, saa ilimkatalia.

Mimi nilirudi Jumatano iliyofuata. Mfereji ulikuwa hauna zamu tangu Baba aanguke, bakuli halionekani, na watu wawili walikuwa wameshapigana. Mjomba hakuja kunisalimu Jumatano wala Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nilisikia ndoo ikitua uani. Alikuwa yeye. Alikuwa amebeba beseni la Baba kichwani, na bakuli la shaba ndani yake.

"Ulikuwa unalificha wapi?" nikauliza.

"Walitaka kulichukua wasiojua kuhesabu." Alimimina maji kwenye beseni, akasogea nyuma. "Anza. Nyanya zinakauka."

Zamu ya kwanza ilikuwa yake, mabakuli manne. La nne lilipozama alibaki ameshika jembe kwenye mlango wa mfereji, akinitazama.

"Limezama, Mjomba," nikasema.

"Nimeona," akajibu, akaufunga.

Sasa zamu ni Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa moja asubuhi, na bakuli nalishika mimi.