Njia Isiyopita Mwaloni

Nziza hakuwahi kupanga kazi yoyote ya ofisini kwa uangalifu kama alivyopanga matembezi ya siku tatu za Umuganura, sikukuu ya mavuno, na sababu yake haikuwa nzuri hata kidogo. Alitaka dada yake autembee mji mzima wa Gisenyi kwa miguu bila kufika mwaloni.

Mwaloni, kwenye ufuko wa mitumbwi ya wavuvi, ndiko alikovua Phocas, baba yake Donatille, na Donatille ndiye msichana ambaye Nziza alitaka kumwoa. Dada yake, Mbabazi, na shemeji yake, Gakwaya, walikuwa wanakuja kutoka Kigali kuiona familia ya binti kabla ya kupeleka posa. Hao wawili walimlea tangu ukoo uliporudi kutoka uhamishoni Karagwe, Tanzania. Wao wakikataa, hakuna harusi. Na Mbabazi alipouliza kwenye simu baba wa binti anafanya kazi gani, Nziza alijibu, "Ana shughuli za boti." Mbabazi akasikia tajiri. Nziza akamwacha asikie hivyohivyo. Hakudanganya, alijiambia, tena alijiambia mara nyingi sana, jambo ambalo mtu mkweli hana haja ya kulifanya.

"Gari nitaliegesha mpaka siku ya kurudi," Gakwaya alikuwa amesema. "Nataka mji wa kutembea. Nione bandari, nione nyumba za wakoloni, ninywe chai, nilale."

Basi Nziza akapanga. Ijumaa, barabara ya ufukweni chini ya miti mikubwa. Jumamosi, nyumba za kale zenye baraza pana, kisha mpakani, Petite Barrière, ambako dada angenunua vitenge vya Goma. Jumapili baada ya misa, Mbugangari nyumbani kwa Phocas, ambaye atakuwa amevaa koti, na mtu aliyevaa koti haulizwi kuhusu viganja vyake. Bandari wangeiona kwa mbali. Upande wa mwaloni, angewaambia, barabara inachimbwa.

Lakini ziwa lilikuwa limefungwa, uvuvi umesimamishwa. Mji mzima ulijua. Sambaza wabichi, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wameadimika sokoni, nyavu zilikuwa zimeanikwa, mitumbwi imefungwa mitatu mitatu kama kawaida yake lakini haina watu. Donatille mwenyewe alikuwa amemwambia, naye akaitikia "mm" macho yakiwa kwenye simu. Mtu aliyekulia milimani na kuajiriwa ofisini hajui kwamba wavuvi hawakunji mikono ziwa likifungwa. Huenda mpakani kubeba mizigo.

Jumamosi kila kitu kilikwenda vizuri, mpaka Nziza akaanza kujipongeza. Gakwaya alizisifu nyumba za kale. Mbabazi akanunua vitenge mpaka vikajaa mfuko mkubwa, akaongeza na katoni ya sahani za udongo, zawadi ya nyumbani kwa kina Donatille. Kisha akainua mkono na kuita kwa Kiswahili, kama kila mtu anavyoita pale, "Mbebaji! Njoo, mzee wangu!"

Akaja Phocas. Alikuwa amevaa fulana iliyopauka na kata ya kitambaa kichwani.

Alimwona Nziza, akasimama. Mkwe ndiye anayepaswa kuamkia kwanza, kila mtu anajua hilo, na Phocas alimpa nafasi. Alisubiri hivyo katikati ya zogo la mpakani, huku watu wakimpiga vikumbo. Nziza akaigeukia katoni.

"Taratibu na hizo," akasema. "Zinavunjika."

Alitamani ardhi impasukie pale pale, lakini ardhi ya Gisenyi haikuwa na habari naye.

Phocas akajitwika. Wakaiteremka barabara kuelekea ufukweni, Nziza mbele akieleza nyumba hii ilijengwa na nani na ile ilikuwa ya nani, sauti yake ikizidi kupanda, kwa sababu nyuma yake dada alikuwa ameanza kuongea na mbebaji. Mbabazi ni mtu wa kuongea na kila mtu.

"Mzee, kazi hii kwa umri wako?"

"Ziwa wamefunga, mama. Sambaza inazaa. Donc tunabeba, tufanye nini?"

"Huna watoto wa kukusaidia?"

"Niko na mutoto mwanamuke. Iko karibu kuolewa. Wageni ya mukwe wanakuja kesho, na kwangu hakuna viti ya kutosha. Mi siwezi kuweka watu wakubwa ku mukeka."

"Hongera! Na mkwe mwenyewe mtu mzuri?"

Nziza aliisahau nyumba aliyokuwa akiieleza. Gakwaya alikuwa bado anaitazama nyumba aliyoonyeshwa.

"Iko mutu muzuri," Phocas akasema chini ya mzigo wake. "Ananiheshimia sana."

Hapo ndipo angegeuka. Ilikuwa hatua moja tu, na neno moja, baba. Nziza alisikia aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni, na bado akaunyoosha mkono kuwaonyesha ziwa. Walipofika kwenye nyumba ya wageni, Mbabazi akamwambia, "Mlipe mzee, umwongezee na ya soda." Nziza akatoa noti kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Phocas akaipokea kwa mikono yote miwili.

Usiku ule Nziza hakulala. Alfajiri alifikiri kwenda Mbugangari kuomba radhi kabla ya wageni kuamka. Alivaa hata viatu. Akavivua.

Baada ya misa wakafika. Phocas alikuwa mlangoni, koti limepigwa pasi, na sebuleni kulikuwa na viti vipya vya plastiki vilivyokuwa bado na karatasi za dukani. Mbabazi akakwama kizingitini. Alilitazama koti, akautazama uso, kisha akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Halafu akapiga magoti, kama alivyofundishwa Karagwe.

"Shikamoo, baba. Baba, jana..."

"Jana nilitembea na mukwe wangu," Phocas akamkata upesi, akimwinua. "Ninyi mulikuwa naangalia manyumba. Muzigo yenu, yeye alinisaidia kubeba."

Donatille alikuwa akitokea jikoni na sambaza wakavu wa kukaanga, amewapanga kwenye sahani zile za udongo alizotanguliziwa na Mbabazi asubuhi. Alicheka kwa furaha.

"Kweli? Nziza, na hiyo chemise yako nyeupe?" Akalitazama shati lake, akaja kwake kwanza, kabla ya wageni, akainama kidogo na kumpa sahani kwa mikono miwili. "Asante kwa kusaidia Papa. Wengine wangepita tu."

Mbabazi aliangalia sakafu. Hakuna ambaye angesema neno, Nziza alilijua hilo. Dada angenyamaza, Gakwaya angekohoa, posa ingepelekwa. Alichotakiwa kufanya ni kula.

"Sikumsaidia," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilitangulia mbele. Sikumwamkia. Nilimlipa kama mtu nisiyemjua. Dada, sikutaka mjue anafanya kazi gani. Niliona aibu."

Donatille hakuelewa mara moja. Alimgeukia baba yake. "Papa?"

Phocas alikuwa akiangalia viganja vyake, na hakukanusha. Alionekana mzee kuliko jana chini ya mzigo. Nziza akatambua kwamba hata ukweli wake ulikuwa umechelewa. Mzee alikuwa ameificha aibu ile kwa gharama yake mwenyewe, naye Nziza ameimwaga mbele ya binti yake.

Donatille akanyoosha mkono kuichukua ile sahani.

"Acha, mutoto," Phocas akasema, bila hasira yoyote. "Muache akule. Hatuwezi kunyima mugeni chakula."

Jana, mzigo ukiwa kichwani, alikuwa amemwita mkwe, si mgeni. Nziza akaishika sahani kwa mikono yote miwili, akala, na wakaaga bila yeyote kutaja posa.