Sita Nukta Tisa Tatu

...sita nukta tisa tatu, nimeiandika mwenyewe, chaki bado imegusa ubao kwenye mkia wa ile tatu, na kuna kitu hakijakaa sawa, maana swali hili nimelitunga mimi jana nikila wali, bodaboda na dereva wake kilo mia mbili, mwendo mita kumi na mbili kwa sekunde, inagonga mkokoteni wa mpunga uliosimama barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu, kilo mia nne, vinanasana, tafuta kasi ya pamoja, na nililitunga makusudi jibu litoke namba nzima, bila nukta, kwa sababu leo kuna mgeni... mgeni, eti mgeni, sema mama mkwe, sema mama yake Edna, Bi Kandida mwenyewe, muuza mchele wa Kibaoni na mjumbe wa bodi ya shule, aliyewaambia washenga wangu subirini mpaka Jumamosi, nataka kwanza nimtazame huyo kijana akiwa kazini, na mkuu wa shule kwa ukarimu wake akampa kiti changu, hapa mbele, pembeni kabisa mwa ubao, na sisi kwetu mama mkwe humpi mgongo, bibi yangu angenichapa, ndiyo maana kipindi kizima nimeandika kiubavuubavu, shingo huku, mkono kule, mtu gani atakumbuka momenta akiwa amejipinda hivi... “Ticha,” huyo ni Balbina wa dawati la mbele, “tuache nukta tisa tatu au tuseme saba?”... subiri, Balbina, subiri... momenta, Mungu wangu, momenta! nimesawazisha nishati, nishati ya mwendo kabla na baada, kwenye mgongano wa kunasana, kosa lile lile ninalowapigia kelele tangu muhula uanze, kwamba vitu vikigongana vikanasana nishati ya mwendo haibaki yote, nyingine inakwenda kwenye kishindo, kwenye joto, kwenye bati lililopinda na matusi ya mwenye mkokoteni, hapana, matusi hayapimwi, kinachobaki vilevile ni momenta, tungamo mara kasi, mia mbili mara kumi na mbili, elfu mbili na mia nne, gawa kwa mia sita, nne, nne safi kabisa, na jouli elfu tisa na mia sita zilizopaswa kupotea njiani mimi nimezirudisha zote bila aibu... basi futa, Maximilian, futa... “Endelea tu mwalimu, mimi sina neno,” anasema Bi Kandida, na anatabasamu, shikamoo yangu ya mlangoni aliipokea kwa kidevu tu, sasa anatabasamu, nukta imempendeza, mwenye hesabu za nukta si mtu wa mchezo, na nikifuta je, Viktor wa Viwanja Sitini, aliyemposa Edna kabla yangu, alikataliwa kwa kosa moja tu, Edna alinisimulia akicheka, mimi sikucheka sana, alisema ana shamba ekari kumi, alipoulizwa tena akasema tano, na mama akasema mwanamume wa kubadili maneno haingii kwangu... na dasta, ona dasta lilipo, mezani, nyuma ya kiwiko chake, nimpitishie mkono puani... au niliache tu, nitawasahihishia kesho, akiwa ameshaondoka, hakuna atakayejua, yeye hajui, mkuu hajui, mkuu alisoma Historia... lakini nasikia kalamu, kalamu za darasa zima zinakwaruza, wananakili kwa mwandiko mzuri, Balbina anatafuta rula, ananiamini huyu mtoto, angeandika hata ningesema mkokoteni umepaa, atakwenda nayo hivyohivyo mpaka kwenye mtihani wa taifa... nampenda Edna, nampenda mpaka nimesahau somo langu mwenyewe, lakini nikimwoa kwa jibu hili pilau ya harusi haitapita kooni, nitamwona Balbina katika kila sahani... basi, nimeshajua, nitageuka, mgongo wote, upana wake wote, nitafuta kwa kiganja, na Edna akiniuliza ilikuwaje nikampa mama yake mgongo na kubadili maneno kwa mpigo mmoja, nitamwambia watoto walikuwa wameshaanza kupigia mstari.