Mtaa Uliojinunua

Upepo wa Sumbawanga hauna adabu hata kidogo. Mwezi wa sita ukiwadia unateremka kama ng'ombe aliyekata kamba, unawavua watu kofia kule Kate na kuwavisha wengine Mwimbi, na hakuna anayekwenda kudai yake kwa sababu kila mtu ameshapata ya mwenzake. Ndiyo maana Bertila, mama yake Faith, alikuwa anafuma masweta. Mji wenye upepo wa namna ile, alisema, hauhitaji tangazo la biashara. Upepo wenyewe unapita nyumba kwa nyumba kumtafutia wateja.

Shida yake haikuwa wateja, wala haikuwa nyuzi. Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Mashine yake ya kufuma, ndefu kama kitanda cha mtoto, ilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya Cleophas pale Majengo, na Cleophas alikuwa amemwambia bila kupepesa macho kwamba mwisho wa mwezi anaitaka baraza yake, anafungua duka la simu. Fremu za barabarani zilikuwa na kodi ya kukimbiwa. Chumbani kwake, mashine ikiingia, yeye na binti yake itabidi watoke. Kilichobaki ni kurudi Mwimbi kwa kaka yake akalime mahindi, na mashine ifunikwe gunia ghalani mpaka kutu iimalize. Mahindi hakuyachukia. Ila alishazoea kukaa pale barazani, akaona mgongo wa mtu unapita barabarani, akasema kimoyomoyo: ule nimeuvisha mimi.

Basi habari za banda zilipofika mtaani, Bertila alikosa usingizi kwa raha. Kulikuwa na mradi wa kuinua biashara za mitaani, nao ulikuwa unatafuta mtaa mmoja tu wa kuujengea banda la kazi: paa kubwa la bati, sakafu ya saruji, umeme, na nafasi kwa kila fundi. Afisa wa mradi, mama mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Hellena, aliita mkutano akaeleza waziwazi.

"Sitakuja kuangalia nani ana fremu nzuri," alisema. "Nitakuja Jumamosi kuangalia kama jirani ananunua kwa jirani. Mtaa ambao wenyewe hawauamini, mimi nitauamini kwa lipi?"

Maneno yale yalimchoma Bertila pabaya, maana alikuwa ameyasikiliza akiwa amekalia kiti cha plastiki kutoka Tunduma, huku fundi Alfonsi, seremala wa upande wa pili wa barabara, amepanga stuli zake za mninga tangu Pasaka na hazijapata makalio. Naye Alfonsi hakuwa na la kumcheka. Alikuwa amevaa sweta la mtumba lenye maandishi ya Kichina.

Hellena alipoondoka, Bertila akasimama juu ya kile kiti cha plastiki.

"Jamani, msiondoke. Kuanzia leo mpaka Jumamosi, kitu kinachouzwa mtaani humu kisinunuliwe nje ya mtaa. Na jirani akija kununua, asirudi mikono mitupu."

"Sasa mimi kwako nitanunua nini, Mama Faith?" aliuliza Masunga. Huyu alikuwa Msukuma wa Shinyanga aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akajenga mwisho wa mtaa pale nyumba zinapokutana na malisho. Aliuza maziwa na samli, na alikuwa na kifua cha kuzibia mlango. "Sweta la mwili huu litamaliza nyuzi za mkoa mzima."

"Nitakufumia mawili niyaunganishe, mzee Masunga. Na uyavae uje kutusalimia. Ng'ombe wako wote umewapa majina, watoto wetu unawaita 'wewe' tu."

"Ng'ombe nikimwita anaitika. Watoto wenu wanakimbia. Na ninyi Wafipa maziwa yangu mtayanywa lini? Mmezoea vinywaji vya kunyonya kwa mrija."

"Weka mrija kwenye maziwa uone," alisema Coleta, mpika maandazi na uji wa ulezi, na mkutano ukavunjika kwa vicheko.

Sijui kama Majengo pamewahi kupata homa kama ile. Jumatano walianza kwa aibu, mmoja mmoja, kama watu wanaojaribu maji ya kuoga kwa kidole. Alhamisi walikuwa wamezama mpaka shingoni. Kwa Coleta foleni ilipangwa kabla mafuta hayajachemka. Bwana mmoja alinunua maandazi yakiwa bado unga, akabaki ameyashikilia kwenye sahani kama anayesubiri kuku atotoe. Alfonsi aliuza stuli zote na vitanda vyote, akauza stuli zilizokuwa hazijapigwa msasa, akauza na moja yenye miguu miwili. Mnunuzi akasema haina neno, ataiegemeza ukutani mpaka mingine ije. Samli ya Masunga iliingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuiona, na jioni mtaa mzima ukanuka kama sherehe ya harusi isiyo na bibi harusi.

Bertila ndiye aliyekuwa na kazi kuliko wote. Mashine ilikwenda kwa kasi mpaka njiwa wa bati la Cleophas wakaanza kulia kwa mdundo wake. Hata Cleophas mwenyewe alinunua sweta la kijani, akalivaa palepale barazani, akajipapasa tumbo.

"Zuri," alisema. "Ila mwisho wa mwezi ni uleule, Mama Faith."

"Najua, kaka. Usilifue kwa maji ya moto."

Kwa ajili ya wageni, Bertila alikuwa ametenga masweta yake bora, yale yenye pundamilia kifuani na yenye mistari ya rangi ya mahindi mabichi. Jumamosi asubuhi aliyatundika kwenye kamba kutoka nguzo hadi nguzo, yakawa yanapepea kama bendera za siku ya taifa. Akasimama kuyatazama, akaona banda tayari limesimama. Kisha akaenda bombani kuteka maji ya kunawisha wageni.

Aliporudi, kambani kulikuwa na vibanio tu.

"Faith. Masweta yako wapi?"

"Nimeuza, mama." Binti yake alikuwa anang'aa uso kama aliyeshinda uchaguzi. "Wamekuja mbiombio, kila mtu anaogopa mgeni asije akamuuliza umenunua nini kwa jirani akakosa jibu. Na wewe si ulisema asirudi mtu mikono mitupu?"

Bertila alitua ndoo, akavuka barabara akikimbia. Kwa Alfonsi hapakuwa na kitu. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama, maana benchi lake la kukalia nalo limechukuliwa. Kwa Coleta jiko lilikuwa limepoa, sufuria limekwanguliwa, na mama mmoja alikuwa anamalizia kununua majivu, akasema ni ya kusugulia masufuria na asiambiwe na mtu kwamba majivu si bidhaa. Masunga alikuwa amekaa juu ya dumu lake la maziwa lililogeuzwa kichwa chini.

"Tumemaliza," alisema Masunga kwa furaha.

"Tumejimaliza," alisema Bertila. "Mgeni anakuja kuona biashara, ataona nini? Meza?"

Ndipo gari jeupe la mradi lilipokata kona.

Mama Hellena aliteremka na wenzake wawili, amevaa blauzi nyepesi ya Dar es Salaam, na upepo ukampokea kabla ya mwenyekiti wa mtaa. Alitembea polepole kutoka juu hadi chini. Meza tupu. Kamba tupu. Jiko la baridi. Mtaani pia hapakuwa na watu, kwa sababu kila mtu alikuwa ndani anapanga alivyonunua. Mmoja wa wale wenzake akamnong'oneza mwingine, lakini upepo ukamletea Bertila neno lote zima: "Huu umeshakufa."

"Poleni," alisema Hellena, na alionekana kusikitika kweli. "Nilikuwa na matumaini na ninyi. Nadhani tusiwapotezee muda."

Akaushika mlango wa gari. Bertila akaona ghala la kaka yake kule Mwimbi, na gunia, na umbo la mashine chini ya gunia. Miguu yake ikamtangulia, akajikuta amesimama kati ya yule mama na kiti chake cha garini.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa kiumri walikuwa sawa. "Kabla hujaondoka, ingia nyumba yoyote ya mtaa huu. Chagua mwenyewe. Mimi sitakuonyesha kwa kidole."

"Nyumba za watu? Kufanya nini?"

"Bidhaa zetu hazipo mezani kwa sababu zimekwenda nyumbani. Nenda ukazisalimie huko."

Hellena alimtazama, akatazama mtaa, akachagua nyumba iliyopinda kuliko zote, yenye paa lililokandamizwa kwa mawe. Akabisha hodi, akaingia, na Bertila nyuma yake.

Bibi wa nyumba ile alikuwa amekaa kwenye stuli ya mninga, anakunywa maziwa ya Masunga. Maandazi ya Coleta yalikuwa kwenye sahani. Wajukuu walikuwa wamejipanga ukutani kwa urefu, wote ndani ya masweta yenye pundamilia, wamenyooka kama wanaopigwa picha.

"Bibi, stuli umenunua wapi?" aliuliza Hellena.

"Kwa huyo Alfonsi hapo ng'ambo. Ana maneno mengi, ila stuli haitingishiki."

Nyumba ya pili, vilevile. Nyumba ya tatu ilikuwa na ile stuli ya miguu miwili, imeegemezwa ukutani, mwenyewe ameikalia kwa uangalifu kama mtu anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza. Kufikia nyumba ya nne Hellena alikuwa haulizi tena, anacheka tu, na watu walishaanza kutoka nje. Walitoka na vitanda vichwani. Walitoka na stuli, na makopo ya samli, na ulezi wa Coleta ambao walikuwa hawajaupika. Mtaa ukajaa mpaka gari la mradi halikuonekana. Mwisho kabisa akatokea Minza, mke wa Masunga, anamswaga mtamba mweupe ambaye bado hajazaa, na mtamba amevaa sweta jekundu la kufunika mabega mpaka kiunoni.

"Ndilo la mzee," alieleza Minza. "Halikumpita kichwani. Tukaona tusilirudishe kwa jirani."

Yule mwenzake Hellena aliyenong'ona alikaa chini barabarani, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwenyewe Hellena alikuwa anatetemeka, na sasa haikuwa kicheko peke yake.

"Nani ataniuzia sweta lake?" aliuliza. "Nitalipa vizuri."

Akamwendea Cleophas, Cleophas akakunja mikono juu ya sweta lake la kijani kama mtu anayelinda mali ya serikali. Akamwendea bibi mmoja, bibi akasema hili nimefumiwa mimi, mama yangu, mabega yako hayatakubali. Akamtazama mpaka mtamba, na Minza akavuta kamba.

Hellena akarudi kwa wenzake, wakasogea pembeni ya gari, wakazungumza wameinamiana vichwa. Bertila hakusikia kitu, maana safari hii upepo ulikuwa umegeuka. Alfonsi alikuwa anatafuna penseli. Masunga alikuwa amevua kofia, jambo ambalo hata kanisani hulifanya kwa kukumbushwa.

Hellena alipogeuka, alikuja moja kwa moja kwa Bertila.

"Nifumie masweta ya ofisi nzima," alisema. "Langu liwe la kwanza. Utanipa lini?"

Bertila alifungua mdomo kusema Jumatano, kisha akaufunga.

"Siwezi, mama. Sina mahali pa kuweka mashine. Nipe paa, nikupe sweta."

Mwenyekiti wa mtaa alifumba macho. Hellena alimtazama Bertila, akatazama umati ule wote na vitanda vyake, akaanza kucheka upya.

"Paa mmepata," alisema. "Ndilo tulilokuwa tunazungumza pale. Kiwanja kiko wapi?"

Nisiseme kelele zilizopigwa, maana kuna watu wa Kate wanaodai walizisikia na kudhani radi imekuja nje ya msimu wake. Kiwanja kilikuwa palepale mbele ya bomba, mali ya mtaa. Kabla wageni hawajamaliza chai, vigingi vilishapigwa na kamba imevutwa pande zote. Hellena akasema bati na saruji vinakuja na mkandarasi, milango na madirisha ataagiza Mbeya. Alfonsi akakohoa. Coleta naye akakohoa. Watu wengi wakashikwa na kikohozi kwa wakati mmoja.

"Au," alisema Hellena, "milango na madirisha atatengeneza fundi wa hapa."

"Mlango uangalie wapi?" Alfonsi alikuwa ameshatoa futi yake mfukoni.

"Uangalie malisho," alisema Masunga.

"Ili ng'ombe wako wanywe chai humu ndani?" alisema Coleta. "Uangalie barabara."

Wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kama pombe ya harusi. Bertila hakuwangoja. Alimwita Faith na vijana wawili wa mtaani, wakaenda kwenye baraza ya Cleophas, wakaibeba mashine juujuu kama mgonjwa aliyepona, wakavuka nayo kamba ya kiwanja. Alizunguka mara moja, akakanyaga udongo kwa kisigino.

"Hapa."

"Mama Faith, hata ukuta hakuna," alisema Alfonsi.

"Ninyi jengeni. Mimi nina masweta ya ofisi nzima."

Akatungia uzi wa bluu, akavuta mkono wa mashine kushoto, akaurudisha kulia. Hellena alikuja kusimama mbele yake, amejikumbatia kwa baridi, na Bertila akamgeuza ampime mabega.